Neno la Kiingereza Kwenye Mchanga wa Tiva

Chukua neno moja la Kiingereza, "spring", ulipeleke Kitui. Mwanafunzi wa shule ya msingi atakutana nalo mara nne kabla wiki haijaisha. Kwenye jiografia ni majira ya mwaka huko Ulaya. Kwenye sayansi ni maji yanayojitokeza ardhini. Kwenye gereji iliyo karibu na stendi ni vyuma vilivyo chini ya matatu, vile ambavyo fundi huviita springi. Kwenye kitabu cha hadithi ni chui anayemrukia mbuzi. Mwalimu akiulizwa neno hilo lina maana gani hasa, anaweza kusema maana zote hizo, kisha kengele ikamwokoa. Mtunga kamusi hana kengele. Ana ukurasa: kushoto neno moja, kulia nafasi finyu, na lazima aandike kitu ambacho mtu asiyemjua, katika kijiji asichowahi kukikanyaga, atakitegemea.

Hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuisifu, na sitaki kuisifu haraka kwa sababu yenyewe haifanywi haraka.

Mtu ninayemfikiria kwanza ni John Samuel Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, akafariki Uswisi mwaka 2019. Ulimwengu unamjua kwa African Religions and Philosophy, kitabu cha mwaka 1969 ambacho wanafunzi wa vyuo vikuu wamekisoma, wamekinukuu na kukibishia kwa zaidi ya nusu karne. Lakini miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1959, East African Literature Bureau ilichapisha kitabu chake ambacho wanafalsafa huwa hawakitaji: English-Kamba Vocabulary. Mwandishi alikuwa hajafika miaka thelathini. Shahada yake ya uzamivu ya Cambridge ilikuwa bado miaka minne mbele. Tayari alikuwa amewapa wasomaji wa Kikamba, lugha ya kwao, Mutunga na Ngewa Yake, kitabu cha mwaka 1954, na miaka saba baada ya msamiati huo angetoa Akamba Stories, mkusanyo wa hadithi za kwao. Baina ya hadithi na hadithi, kijana wa Mulango aliketi na alfabeti ya Waingereza akaanza kuijibu.

Nasema kuijibu kwa makusudi. Kamusi inayoanza na Kikamba huanzia nyumbani. Neno lipo mdomoni mwa watu, na kazi ni kuuliza wanalitumiaje. Orodha inayoanza na Kiingereza huanzia ugenini na kuja kubisha hodi: mnacho kitu hiki? Mpangilio si wako. Theluji itakuja katika herufi S utake usitake, ingawa mlima wenye theluji ambao mtu wa Kitui huweza kuuona uko mbali kaskazini-magharibi, na huonekana siku hewa ikiwa safi tu. Hodi nyingi za namna hiyo hazijibiwi kwa ndiyo wala hapana. Jibu lake ni "inategemea", na ufundi wote umelala ndani ya jibu hilo.

Turudi kwa "spring". Mtunga orodha mvivu angeandika neno la kwanza lililomjia, apite. Fundi huanza kwa kuuliza maana hizo nne zilitoka wapi, kwa sababu asili ya neno ndiyo humwonyesha viungo vyake, na neno, kama mbuzi, halikatwi popote kisu kinapoangukia. Katika Kiingereza cha kale kitenzi "springan" kilikuwa kuruka, kuchomoka, kutokeza kwa ghafla. Maji yanayochomoka ardhini yaliitwa kwa neno hilo tangu enzi hizo za kale. Majira yalichelewa. Waingereza wa kale waliyaita "lencten", neno linalohusiana na kurefuka kwa siku, na mabaki yake bado yamo katika "Lent", jina la mfungo wa Kwaresima. Ni kati ya karne ya 14 na ya 16 watu walipozoea kuyataja majira hayo kama wakati wa majani kuchomoza, hadi "lencten" ikabaki kanisani na "spring" ikachukua mwaka. Chuma kinachobanwa kikarudi kilipata jina hilo karibu na karne ya 15, kwa sababu nacho huruka. Watu wa pwani watapenda kujua kwamba bamvua nayo kwa Kiingereza ni "spring tide", na haina uhusiano wowote na majira ya mwaka: ni maji yaliyoruka juu kuliko kawaida.

Kwa hiyo mzizi ni mmoja na matawi ni mengi, na yote bado yanafanana na mama yao. Mwingereza haoni maana nne. Anaona mruko mmoja wenye sura nne. Kiswahili hakikubali mchezo huo. Chetu kimegawa: maji ni chemchemi, mnyama huruka, jani huchipuka, na kile cha ndani ya saa au kufuli wazee walikiita kamani. Hatuna neno moja linalozikusanya, wala hatujawahi kulihitaji. Mtunga orodha ya Kikamba naye yuko katika hali hiyo hiyo. Lazima neno la wageni lipasuliwe mapema, kila kipande kipewe alama yake, hiki cha maji, hiki cha chuma, ili msomaji asichukue kamani akaenda nayo kuteka maji.

Kipande kinachonivutia zaidi ni cha majira. Wako wanaotafsiri "spring" kuwa masika, na mwalimu akikubali, mtoto anakua akiamini kwamba London hunyeshewa mwezi wa Aprili kama Mombasa. Wengine huandika majira ya kuchipua, jambo ambalo ni sahihi zaidi na halimdhuru mtu. Lakini hebu simama Kitui au Makueni mwezi wa Oktoba. Huo ni mwisho wa kiangazi, ambacho Wakamba hukiita thano. Vichaka ni vijivu, miti imejikausha kana kwamba imekufa. Mvua ya kwanza ya nthwa inanyesha, na siku chache baadaye kilima kizima kimegeuka kijani. Kama neno "spring" lilizaliwa kutokana na majani kuchomoza kwa ghafla, basi Ukambani wanayo majira hayo, ila huwafika mwezi wa Novemba, na yanaitwa jina la mvua.

Je, mtunga orodha aandike nthwa mbele ya "spring"? Hapa ndipo fundi na mwanafunzi wanapoachana. Mwanafunzi akishagundua uhusiano mzuri namna hiyo hawezi kujizuia, anauandika. Fundi anaujua, anaufurahia peke yake, na hauandiki, kwa sababu msomaji wake anataka kuelewa barua kutoka Uingereza na nthwa ingempoteza. Ataandika maelezo: majira ya Ulaya baada ya baridi, miti inapotoa majani. Ujuzi wake wote wa asili ya neno umeishia katika maneno machache yasiyo na madaha. Heshima yangu kwa watu hawa inatokana na mambo ya namna hiyo, mambo waliyoyajua wakayaacha nje.

Nthwa yenyewe ni mtego kutoka upande wa pili. Kiingereza cha Kenya huita mvua za Oktoba hadi Desemba "short rains", na zile za Machi hadi Mei "long rains". Anayesikia majina hayo akiwa Nairobi hudhani moja ni mvua kubwa na nyingine ni ya ziada. Mkulima wa Mutomo au Kibwezi angeshangaa. Huko, mvua za mwisho wa mwaka ndizo za kutegemewa, na hizo nyingine mara nyingi hukatika kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Orodha inayolinganisha "short rains" na nthwa bila neno la ziada imesema ukweli wa kalenda ikaficha ukweli wa ghala. Maneno mawili yanaweza kuelekeza kwenye miezi ile ile na yasimaanishe kitu kile kile kwa mtu mwenye jembe.

Baada ya "spring" kuna neno jirani lake, "well", ambalo lina hila ya aina nyingine. Linaonekana kama neno moja lenye maana mbili: vizuri, na kisima. Kumbe ni maneno mawili yaliyogongana njiani yakaanza kuandikwa sawa. La kwanza ni la ukoo wa "will", la kutaka na kupenda. La pili lilikuwa "wella", maji yanayobubujika. Yaani mwanzoni "well" haikuwa shimo lililochimbwa, ilikuwa chemchemi. Maana ya kuchimbwa ilikuja baadaye, ingawa Mwingereza bado husema machozi yanamjia kwa kitenzi hicho cha kale cha kububujika. Katika kamusi nzuri hayo huandikwa kama vichwa viwili, vyenye namba moja na mbili, wakati "spring" hubaki kichwa kimoja chenye vijisehemu. Tofauti hiyo ndogo ya uchapaji ni hukumu: inatangaza nani ni ndugu na nani amefanana tu kwa sura. Mtu anaweza kutumia kamusi maisha yake yote asijue kwamba mtu fulani alilala akiifikiria namba ile.

Sasa yalete maneno hayo mawili Ukambani. Kikamba kina kĩthima, ndugu wa damu wa kisima chetu. Mahali Kiswahili kinaposema s, Kikamba hapa kinasema th. Mji wa Kithimani, ulio Yatta kwenye barabara ya Thika na Garissa, ni kisimani. Na kĩthima hakimsumbui mtu kwa kuuliza kama maji yalitoka yenyewe au yalichimbwa. Upande wa Makueni maji yanayotoka yenyewe yapo. Mvua ya vilima vya Chyulu huzama katika miamba ya volkano isiache mto wowote juu, kisha hutokeza chini, kama pale Umani katika msitu wa Kibwezi, na kwa wingi zaidi Mzima ndani ya Tsavo, ambako bomba hupeleka maji hadi Mombasa. Lakini sehemu kubwa ya Kitui maji yamo mchangani. Mito ya Tiva na Thua hutiririka siku chache kwa mwaka. Siku zilizobaki ni barabara pana za mchanga mweupe, na chini ya mchanga mna maji. Mtu huchimba kwa mikono, kwa kata, kwa jembe. Mwanzoni anapata unyevu, kisha maji yanachuja taratibu kutoka kandoni na kujaa chini ya shimo. Hilo ni "well" au ni "spring"? Limechimbwa, na maji yanatoka yenyewe. Kiingereza kinakulazimisha uchague. Kĩthima hakikulazimishi.

Tangu miaka ya tisini, vikundi vya mwethya, yaani vya kazi ya pamoja, na mashirika ya Kitui na Makueni vimejenga kuta za zege kuvuka mito hiyo kwa mamia, ili mafuriko yalete mchanga ujae nyuma ya ukuta na mchanga utunze maji yasikaushwe na jua. Waingereza huziita "sand dam". Orodha ya mwaka 1959 isingetarajiwa kulitolea jibu neno hilo, na hilo si kosa lake. Kitabu cha maneno huanza kuzeeka siku kinapotoka kwa mpiga chapa.

Kabla ya Mbiti walikuwapo wengine, na wa kwanza alikuja kwa miguu kutoka Rabai. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na wamishonari wa Kiingereza, alifika pwani yetu mwaka 1844. Mwaka 1850 huko Tübingen alichapisha Vocabulary of Six East-African Languages, Kikamba kikiwa kimoja katika hizo sita pamoja na Kiswahili, Kinyika, Kipokomo, Kiyao na Kigalla, kama alivyoziita. Mwaka huo huo ikachapwa Injili ya Marko aliyoitafsiri kwa Kikamba. Wakati huo Wakamba ndio waliokuwa mabwana wa biashara ya pembe za ndovu kati ya bara na Mombasa, na misafara yao ilipita Rabai, hivyo Krapf aliweza kusikia lugha kabla ya kuiona nchi. Aliiona mwishoni mwa mwaka 1849, alipofika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa misafara hiyo. Tarehe 3 Desemba aliona vilele viwili vyeupe kwa mbali, akaandika jina alilolisikia: Kegnia, mahali pengine Kenia.

Itazame ile gn. Mtu asiyejua angeona kosa la tahajia. Mimi naona sikio linalofanya kazi. Kulikuwa na sauti ny, na mwandishi akatafuta herufi ambazo msomaji wa Ulaya angezitamka karibu na alichokisikia. Kwa Wakamba mlima ni Kĩĩnyaa, jina ambalo wengi hulihusisha na nyaa, yaani mbuni, kwa weusi na weupe wa manyoya ya dume. Wakikuyu husema Kĩrĩnyaga. Kilichoingia kwenye ramani za Ulaya ni kile kilichosikika Kitui. Kwa Kiingereza neno hilo lilianza na maana moja, mlima. Mwaka 1920 likapata ya pili, koloni. Mwaka 1963 ya tatu, nchi huru. Wakoloni walilitamka kwa irabu ndefu ya mwanzo inayosikika kama i, na baada ya uhuru matamshi hayo yakaachwa. Kamusi ya Kiingereza inayoeleza maneno yenye maana kadhaa haina budi kulitaja hilo, na asili yake iko kwenye boma la Kivoi.

Mwaka 1851 Krapf alirudi. Alisafiri na Kivoi kuelekea mto Tana, wakashambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake katika nyika akirudi kusini kwa kujificha. Alifika Tana akanywa. Hakuwa na kibuyu, kwa hiyo alijaza maji katika mitutu ya bunduki yake, akaiziba kwa majani. Maji hayo hayakudumu. Siku zilizofuata kiu karibu immalize, hadi alipofika kwenye mkondo mkavu akasikia kelele za tumbili. Alijua walipo tumbili bondeni maji hayako mbali. Akafuata mkondo, akakuta shimo ambalo tumbili walikuwa wamelichimba mchangani, na ndani yake maji. Aliimwaga baruti kutoka kwenye pembe yake, akaifunga katika leso, akaijaza pembe maji.

Huyu ndiye mtu ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amekwisha kuchapisha orodha yenye safu ya Kikamba. Neno alikuwa nalo kwenye karatasi. Kitu chenyewe alionyeshwa na tumbili. Napenda kufikiri kwamba kazi yake ya baadaye, ile kamusi kubwa ya Kiswahili iliyotoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, inafafanua mambo kwa urefu wa kupita kiasi kwa sababu alikwisha kujua jinsi ilivyo hatari kuwa na neno bila shimo. Wengine husema alikuwa na maneno mengi tu. Inawezekana pia.

Baada yake kazi ilipita mikono mingi. Wamishonari wa Leipzig walikaa Ikutha kuanzia mwaka 1893 na Mulango mwishoni mwa karne hiyo, na mmoja wao, Ernst Brutzer, aliandika kitabu cha mwongozo wa Kikamba kwa Kijerumani. Upande wa Makueni, Peter Cameron Scott alifungua kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission huko Nzaui mwaka 1895, na mwaka uliofuata alikwisha kufa. Vita vya 1914 viliwaondoa Wajerumani, misheni hiyo ikachukua Mulango. Msweden Gerhard Lindblom alizunguka Ukambani kabla tu ya vita akikusanya desturi, hadithi na sarufi. Mwaka 1939 kamati ya lugha ya Africa Inland Mission ilitoa huko Machakos kamusi ya Kikamba kwa Kiingereza. Huo ndio mwaka ambao kamusi sanifu za Kiswahili zilizoanzishwa na Frederick Johnson zilitoka Oxford, na bila shaka ndizo zilizosikika zaidi. Mwaka 1962 Wilfred Whiteley, ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamjua vizuri, akishirikiana na M. G. Muli alitoa A Practical Introduction to Kamba.

Kulinganisha kunasaidia hapa. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilipata wasomaji wa kujitolea kwa maelfu, waliotuma vijikaratasi vyenye sentensi kutoka kila upande wa dunia kwa James Murray na wenzake. Ilianza kutoka kwa sehemu mwaka 1884, ikamalizika 1928. Kila maana ya "spring" hapo ina ushahidi wenye tarehe. Kikamba hakikuwa na maktaba ya karne saba ya kuchota ushahidi. Ushahidi wake ulikuwa wazee, na mzee hana tarehe, ana kijiji. Anachosema mtu wa Machakos, ambako lahaja ya maandishi ilitia mizizi, si lazima kikubaliwe Mwingi. Kuna irabu saba, mbili zikihitaji kofia juu ya i na u, kofia ambazo wapiga chapa walizisahau na ambazo leo simu nyingi hazijui kuziandika. Kuna toni, ambayo tahajia haiionyeshi kabisa. Mtunga orodha analazimika kuamini sikio lake, kisha alitilie shaka, kisha aende kuuliza tena.

Kuna namna ya kupima kazi hiyo ambayo nadhani kila fundi wa maneno huifikia mwenyewe. Ukishapata neno la Kikamba la kuweka mbele ya la Kiingereza, usimwonyeshe mzee la Kiingereza. Mpe la kwao peke yake, umwombe alitumie. Sikiliza linakwenda wapi. Mpe mwei. Atazungumza juu ya mbalamwezi, kisha juu ya karo inayodaiwa mwezi ujao, bila kuhisi kwamba amebadili mada, na hata wewe msomaji wa Kiswahili hukuhisi. Mwingereza ndiye mwenye maneno mawili hapo. Mpe mũsyĩ, utasikia habari za watu na wazazi na makaburi. Mpe nyũmba, utasikia habari za mabati. Redio ya Kikamba inayojiita Musyi FM haikuchagua jina hilo kwa sababu ya paa.

Tabia hii ya kusikiliza neno linakokwenda ndiyo, kwa maoni yangu, iliyomfanya Mbiti kuwa Mbiti. Sura maarufu zaidi ya African Religions and Philosophy, ile ya wakati, yenye maneno ya Kiswahili sasa na zamani, ina jedwali la nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikuyu. Ni kazi ya mtunga msamiati iliyovaa joho la falsafa. Kikamba hutofautisha kwa kitenzi jambo la leo asubuhi, la jana na la siku nyingi, na Mbiti aliyapanga hayo kwa uangalifu wa mtu aliyekwisha kupanga herufi za A hadi Z. Kisha akasema kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo katika fikra za jadi, kwa kuwa vitenzi haviuendei mbali. Hapo ndipo wengi walipomkatalia, nami niko upande wao. Mtu aliyetunga orodha anajua kuliko wote kwamba pengo katika safu ya kulia si pengo katika kichwa cha msemaji.

Ushahidi uko kwenye vilima vya Makueni. Matuta yale yanayojengwa kwa kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu hayawi ngazi siku hiyo. Yanangoja mvua baada ya mvua zishushe udongo, mwaka baada ya mwaka, hadi shamba lijilaze lenyewe. Anayeyachimba wakati wa thano anafanya kazi ya miaka asiyoiona. Wataalamu wa udongo wa dunia nzima huyaita kwa Kiingereza "fanya juu", Kiswahili kitupu, kwa kuwa hawakupata neno bora zaidi. Mtunga kamusi wa Oxford akitaka kulieleza hilo itambidi naye aje kubisha hodi.

Kazi kubwa ya mwisho ya Mbiti ilimrudisha kwenye safu mbili zile zile. Mwaka 2014 lilitoka Agano Jipya la Kikamba alilolitafsiri moja kwa moja kutoka Kigiriki, akiwa na umri wa zaidi ya miaka themanini. Wakamba walikuwa na Biblia nzima tangu miaka ya hamsini. Yeye alitaka kuanza upya kutoka kwenye lugha ya kwanza. Fikiria basi sura ya nne ya Yohana, kwenye maji ya Yakobo, jinsi inavyomngoja mfasiri yeyote. Kigiriki kina maneno mawili. Mstari wa 6 unasema "pege", maji yanayotoka yenyewe. Mstari wa 11 na wa 12, mwanamke Msamaria anapozungumza, unasema "phrear", shimo lililochimbwa. Mstari wa 14, Yesu anapojibu, unarudi kwenye "pege". Wafasiri wa Mfalme James mwaka 1611 waliandika "well" kote, na kwa historia ya neno hilo hawakukosea sana. Tafsiri yetu ya Kiswahili ya Union iliandika kisima mwanzoni, ikahifadhi chemchemi kwa mstari wa 14.

Mfasiri aliyekulia Kitui anafika hapo akiwa na kĩthima, neno linaloweza kubeba yote mawili. Akilitumia kote, mazungumzo yatakuwa laini lakini tofauti iliyomo katika Kigiriki itafifia. Akiligawa, itambidi aongeze maelezo ambayo mwanamke yule hakuyasema. Ni mistari minne katika kitabu kimoja kati ya vitabu 27, na kila mstari unadai kikao chake. Wa 15, ambapo yule mwanamke anaomba apewe maji hayo ili asije tena kuteka pale, ndio pekee usiohitaji maelezo yoyote huko Mutomo.